Baba Ambaye Hakuzaliwa: Mazungumzo juu ya Mababu wa Tarime na Serengeti

Nawasalimu ninyi mlioketi karibu na chombo, na ninyi mtakaosoma maneno haya baadaye katika kijitabu, pengine darasani, pengine nyumbani kwa mwanga wa taa. Nataka kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo kila mtu hudhani analijua mpaka aulizwe, nalo ni majina ya baba zake.

Mwalimu akiwaambia watoto wa Tarime au wa Mugumu waandike majina ya mababu zao, wengi wataandika matatu mbio mbio, la nne kwa kusitasita, na la tano watakwenda kuliuliza nyumbani. Na wako watakaorudi kesho yake na majina kumi, wakiyasoma bila kuvuta pumzi kama wapandao ngazi. Mwalimu hufurahi. Mimi ningefurahi pia, walakini ningependa kuuliza swali moja juu ya ngazi ile: je, kila kidato chake alikanyaga mtu?

Tuseme yuko kijana, na tumwite Mwita, kwa kuwa Bukuria nzima imejaa akina Mwita, akina Chacha na akina Marwa, na jina hili halimnyoshei mtu yeyote kidole. Habari yake nimeitunga mimi, iwe kama kamba ya kufungia kuni. Kuni zenyewe ni za nchi ile, na aliyekulia huko atazitambua. Mwita huyu aliandika katika daftari lake: Mimi ni Mwita mwana wa Chacha, mwana wa Marwa, mwana wa Wambura. Kisha akaenda kwa mzee wa ukoo, akamwamkia kwa heshima, akauliza: "Babu, huyu Marwa, babu yangu, alitahiriwa na rika gani?" Mzee akamtazama, kisha akawatazama ng'ombe waliokuwa wakiingia zizini. Akasema, "Hilo kamwulize bibi yako."

Jibu lile ndilo fumbo letu la leo. Na ili tulifumbue, hatuna budi kwanza kujua jinsi Wakuria wanavyohesabu watu wao, maana wana hesabu mbili, na asiyezitenga moja na nyingine hupotea njia mapema.

Hesabu ya kwanza ni ya vizazi. Wakuria wote wamegawanyika pande mbili, Monyasae na Monyachuma. Upande wa Monyasae una majina manne ya vizazi, yaani Abasae, Abanyamburiti, Abagamunyere na Abamaina. Upande wa Monyachuma nao una manne: Abachuma, Abamairabe, Abagini na Abanyangi. Mtoto hachagui kizazi chake, wala hakipati kwa umri. Hukipata kwa baba yake: baba akiwa Msae, wanawe wote ni Abanyamburiti, wajukuu ni Abagamunyere, vitukuu ni Abamaina, na watoto wa vitukuu hurudi kuwa Abasae tena. Mambo haya huzunguka kama ng'ombe walioshikwa kupura nafaka. Mwingereza Malcolm Ruel, aliyekaa na Wakuria akichunguza mila zao, aliandika juu ya vizazi hivi mwaka 1962, na maandishi yake yangali yakitegemewa na wenye elimu hiyo.

Hesabu ya pili ni ya rika, ambayo wenyewe huiita esaro. Hii haizunguki. Hutokana na jando. Waliotahiriwa msimu mmoja hupewa jina moja, na mara nyingi jina lile hukumbusha jambo lililotukia wakati ule. Kizazi mtu hukirithi. Rika hulipata kwa kisu na kwa damu yake mwenyewe. Hivyo watu wawili wa kizazi kimoja waweza kupishana miaka hamsini, kwa kuwa mzee mwenye wake wengi huzaa mtoto wa mwisho wakati ambapo mtoto wake wa kwanza amekwisha kuwa na wajukuu. Lakini watu wa rika moja walisimama pamoja siku moja, na mwaka wao waweza kutafutwa.

Sasa angalieni hatari iliyomo katika duara la vizazi. Mzee anayetaja mababu zake hutaja na kizazi cha kila mmoja, nayo ni njia nzuri ya kuhakikisha: akisema Mgini baada ya Mmairabe, safu ni sawa; akiruka mmoja, masikio ya wasikilizaji hushtuka mara moja. Lakini je, akiruka wanne? Akitoka kwa Mmaina wa sasa akaangukia kwa baba wa Mmaina wa kale, majina ya vizazi yatafuatana vizuri kabisa, wala hakuna sikio litakaloshtuka. Watu wanne wamepotea, na pengo halionekani. Ukihesabu miaka ishirini na mitano au thelathini kwa kila kizazi, yamepotea miaka mia moja mpaka mia na ishirini kwa pumzi moja tu. Tena wajukuu hupewa majina ya babu zao, Mwita akarudi, Chacha akarudi, na wawili wenye jina moja na kizazi kimoja huunganishwa kuwa mtu mmoja mwenye matendo ya wawili. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba baba zake kumi wanafika mpaka mwanzo wa dunia, simcheki. Namwuliza tu ni mara ngapi duara limezunguka.

Mwita wetu, basi, alikuwa na kizazi cha Marwa, kwa kuwa kizazi cha mwana hujulikana kwa baba hata kama mwana hajulikani. Alichokikosa ni rika. Akatafuta na kaburi, asilione. Katika boma la zamani la ukoo alionyeshwa mahali alipolala Wambura, na mahali alipolala mke wa Wambura. Mahali pa Marwa hapakuonyeshwa. Mtu mwenye kizazi lakini hana rika, mwenye mwana lakini hana kaburi. Mnaona, wasikilizaji, jinsi swali moja dogo lilivyofungua mlango.

Akaenda kwa bibi yake. Bibi, kama walivyo mabibi wa nchi zetu, akampokea kwa utani: "Karibu, mume wangu. Leo umenikumbuka?" Mwita akacheka, akaketi chini, akauliza. Naye bibi hakuficha, kwa maana hapakuwa na aibu ya kuficha. Akamwambia: "Marwa hakutahiriwa kwa sababu hakuzaliwa. Mimi niliolewa na mama yake."

Walio mbali na Mara watadhani nimekosea maneno. La, sikukosea. Iko desturi katika Wakuria, na katika baadhi ya majirani zao wa Serengeti, iitwayo nyumba ntobu. Mwanamke aliyejaliwa mabinti tu, au asiyejaliwa mtoto, akafikia uzee bila mwana wa kiume, huona ya kuwa nyumba yake itazimika: hapatakuwa na wa kurithi ng'ombe wala shamba, wala wa kumlisha na kumzika. Basi huchukua ng'ombe, mara nyingi wale waliokuja kwa mahari ya binti yake, naye hutoa mahari kwa wazazi wa msichana. Msichana yule huja nyumbani kwake, naye huitwa mokamona, maana yake mke wa mwana. Mwana gani? Mwana ambaye mama yule angalimzaa. Hupewa nafasi katika ukoo, na hata jina. Kisha mwanamume hutafutwa, au mokamona humchagua mwenyewe, na watoto wanaopatikana ni watoto wa nyumba ile. Humwita mama mwenye ng'ombe bibi yao, na hutumia jina la ukoo wa mumewe. Mwanamume aliyewazaa hana fungu kwao, kwa kuwa hakutoa ng'ombe.

Hivyo Chacha, baba yake Mwita, ni mwana wa Marwa kwa haki yote ya mila. Alirithi shamba la Wambura, akapewa kizazi kinachofuata kile cha Marwa, akatahiriwa na rika lake kama vijana wengine. Katika safu ya mababu Marwa amesimama mahali pake, wala safu haikukatika. Ila hakuwapo.

Nataka kukaa kidogo juu ya jambo hili, maana wageni wengi walioandika juu yake wameliona kama kioja, na vijana wa siku hizi waliosoma huliona kama uongo. Mimi siwezi kuliita uongo. Uongo ni neno linalosemwa ili mwingine asijue. Hili kila jirani alilijua. Ng'ombe walihesabiwa mchana, mbele ya watu. Safu ya mababu katika nchi ile haikuwekwa ili ionyeshe damu ya nani imo ndani ya nani. Iliwekwa ili ijulikane ni nyumba ya nani, na ng'ombe wa nani walimleta mama hapa. Tazameni hata maneno yao: matawi ya ukoo huitwa kwa majina ya sehemu za nyumba, mlango na jiwe la jiko. Watu wa mlango mmoja ni wale waliopita mlango wa mama mmoja, na waliokula chakula kilichopikwa juu ya mafiga yake. Kwa hiyo atakaye kufumbua fumbo la ukoo wa Mara asianze na swali, "Nani alimzaa?" Na aanze na hili, "Mahari ilitoka wapi?" Ng'ombe wa dada humwoza kaka, ng'ombe wa binti humleta mokamona, na kila ng'ombe aliyetembea amekokota habari nyuma yake.

Sasa Mwita akauliza, kama ambavyo ningaliuliza mimi: "Na yule mama mkwe wako, mke wa Wambura, mbona hakuwa na ndugu wa kumsaidia? Kwao ni wapi?" Hapo bibi akanyamaza kidogo. Kisha akasema alichosikia kwa mama mkwe: kwamba mama wa yule mama alikuja akiwa mtoto, wakati wa njaa, wala hakujua njia aliyoijia.

Kwa neno lile habari yetu inarudi nyuma miaka zaidi ya mia na thelathini, nasi twende nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika ya Mashariki kutoka kaskazini. Karibu na mwaka 1891 ulikuwa umekwisha kuwashukia ng'ombe wa Wamaasai na wa jirani zao, ukawaua kwa makundi, na baada yake ikaja njaa, na ndui ikaja pamoja na njaa. Mwezi wa Machi mwaka 1892 Mwaustria Oscar Baumann alipita Ngorongoro na safari yake, akielekea Serengeti na ziwa Viktoria. Alikuta Wamaasai waliobaki mifupa na ngozi, mashujaa wa jana wakijikokota ardhini. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1894 aliandika jambo ambalo ni gumu kulisoma: kwamba wazazi walimletea watoto wao wawauze kwa kipande kidogo cha nyama, na alipokataa, waliwaficha watoto karibu na kambi, wakaenda zao.

Waliona ni heri mtoto awe wa mtu mwingine akiwa hai kuliko kuwa wao akiwa maiti. Wala hayakuwa mambo ya Wamaasai peke yao. Watu wa magharibi ya Serengeti, Wanata, Waikoma, Waishenyi, Wangoreme, nao walipigwa na njaa zile; wengi walikimbilia Usukuma kutafuta nafaka, na wako watoto walioachwa huko kwa chakula. Na kwa upande mwingine wageni wenye njaa walikuja kwao, wakapokewa, wakapewa mahali. Mtoto aliyenunuliwa kwa vibaba vya ulezi alikua katika nyumba, akatahiriwa na vijana wa nyumba ile, akatoa kafara kwa mizimu ya nyumba ile. Wajukuu wake leo ni Wangoreme au Wakuria kamili, na anayewaambia vingine atajuta.

Lakini msichana wa namna ile alikuwa na upungufu mmoja. Hakuwa na kaka. Alipoolewa, mahari yake ilikwenda kwa waliomlisha, nayo ilikuwa haki yao. Ila siku ya shida hakuwa na zizi la kukimbilia, wala mjomba wa kuwatazama watoto wake. Binti yake naye alikosa wajomba. Na binti yule alipokosa mwana, ndipo alipotwaa ng'ombe za binti yake akamwoa mokamona. Mnaona jinsi nyakati mbili zilivyoshikana mikono: sotoka ya 1891 na daftari la mwanafunzi wa leo. Mtoto aliyeachwa gizani karibu na kambi au penye mlango wa mtu, na babu ambaye hakuzaliwa, ni fumbo moja.

Waandishi wa hadithi wameifahamu siri hii ya kushikanisha nyakati mbili. Mzanzibari Abdulrazak Gurnah, aliyepewa tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, aliandika mwaka 2005 kitabu kiitwacho Desertion. Ndani yake Mwingereza mmoja anaokotwa hoi mwaka 1899 katika mji wa pwani ya Kenya, akapendana na Rehana, dada wa mwenye duka aliyemwokota. Na zaidi ya miaka hamsini baadaye, huko Unguja, kijana anakatazwa na wazazi wake asimpende Jamila, na sababu yenyewe imelala katika habari ile ya kale, maana Jamila ni mjukuu wa Rehana. Msomaji hupewa nyakati zote mbili, ya babu na ya mjukuu, ndipo aone ni kitu gani kilichomkwaza mjukuu. Na karibu zaidi na Mara, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 hadithi ndefu kwa Kikerewe, juu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, ambao ndoa yao ilitaka kuvunjwa kwa sababu hawakuwa na mtoto. Ilingoja zaidi ya miaka thelathini ndipo ikachapishwa kwa Kiswahili katika vitabu viwili. Mtu wa Tarime akiisoma atamjua Bugonoka kama jirani, kwa kuwa hofu yake ni hofu ile ile ya mwanamke aliyemwoa bibi yake Mwita.

Ila mwandishi wa hadithi ana nafuu ambayo sisi hatuna: akikosa kidato cha ngazi, hukichonga. Mwenye kutafuta ukoo wake hana ruhusa hiyo. Basi atatafuta wapi?

Vitabu vya ubatizo husaidia. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911, na Wamennonite walifika Shirati mwaka 1934. Na padre au mchungaji huandika jina la mtoto, la baba na la mama. Lakini fikirini: mtoto wa nyumba ntobu akiletwa abatizwe, kitabu kitaandika jina gani mahali pa baba? Aliyeulizwa akijibu kwa mila, kitabu kitamwandika baba ambaye hakuzaliwa, kwa wino, na mtu wa mbali akikisoma baada ya miaka sabini ataapa kwamba mtu huyo aliishi.

Makaburi nayo husema, ila si yote yanayofikika. Mbuga ya taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mahali pengi pa kale pa Waikoma, Waishenyi na Wanata, penye makaburi na penye miti na chemchemi za mizimu, pamo ndani ya mpaka wake. Mjukuu hawezi tena kwenda kutambika penye kaburi la babu kama aendaye shambani. Katika miaka ya 1970 Operesheni ya Vijiji iliwahamisha wengi kutoka maboma yao, na boma likihamwa, baada ya mvua chache ni nyasi tupu. Tena kuna mpaka wa kaskazini. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mstari utokao pwani mpaka ziwa Viktoria, nao ukawapasua Wakuria vipande viwili. Wairege wako huku na huko. Wanyabasi wako huku na huko. Wakira vile vile. Nusu ya mababu wa mtu wa Sirari waweza kuwa wamelala Kenya, umbali wa asubuhi moja kwa miguu, na vyeti vyao viko katika ofisi za serikali nyingine.

Yabaki masimulizi, na hapa nina neno la kulaumu kidogo. Kwa muda mrefu waliotafuta historia ya Mara waliwauliza wanaume wazee, wakajibiwa habari za koo, za vita na za kuhama. Mmarekani Jan Bender Shetler, mtaalamu wa historia aliyekaa miaka mingi katika nchi ile, alitoa mwaka 2003 kitabu kilichokusanya historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe wa Mara ya kusini. Nayo ni kazi njema, maana wazee wale hawakungoja mgeni awaandikie. Lakini mwaka 2019 alitoa kingine, na humo akaonyesha kwamba wanawake hukumbuka mambo mengine kabisa: nani aliolewa wapi, nani alipokewa na nani wakati wa njaa, njia gani iliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali. Wanaume hulinda mpaka wa ukoo. Wanawake hukumbuka malango yake. Mzee wetu alipomwambia Mwita, "Hilo kamwulize bibi yako," hakuwa akimfukuza. Alimpeleka kwa mwenye habari.

Hata hadithi za asili za Serengeti zaonyesha jambo hilo, kama mtu akizisikiliza vema. Wanata hawasemi kwamba walitoka kwa baba mmoja peke yake. Husema ya kuwa Nyamunywa, mwindaji, alikutana na Nyasigonko, mwanamke mkulima, na watu wakatoka kwao. Jirani zao Waikizu huanza utemi wao na mwanamke, Nyakinywa, aliyekuja kutoka upande wa Usukuma na elimu ya mvua. Waikoma husema baba zao walitoka Sonjo, ng'ambo ya mbuga. Mwanzoni mwa kila habari yuko mgeni mlangoni, na mtu wa kumkaribisha. Watu wanaojisimulia hivyo hawakuona haya kwamba bibi alikuja wakati wa njaa.

Nisije nikafanya mambo yaonekane mepesi. Kuna ugomvi ndani yake, nao umefika barazani na mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema ndoa ni muungano wa mwanamume na mwanamke; kwa hiyo nyumba ntobu, mbele ya sheria hiyo, si ndoa, hata ng'ombe wangekuwa mia. Mwanamume aliyezaa na mokamona, naye labda alilala kimya miaka ishirini, akiona watoto wamekua na mabinti wana mahari, huweza kuja akasema, "Hawa ni wangu." Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humpa mtoto haki ya kuwajua wazazi waliomzaa. Siku hizi kuna kipimo cha vinasaba katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambacho hakiulizi ng'ombe walitoka zizi gani. Tena wasichana wengine walitolewa katika nyumba hizo wakiwa wadogo mno, kwa tamaa ya mahari, wala hawakuulizwa. Jambo hilo siwezi kulitetea kwa jina la mila.

Mimi mwenyewe naona haki ya mtoto kujua ni haki ya kweli, na hasa kwa ajili ya ndoa: kijana asiyejua damu yake aweza kuposa dada yake bila kujua, na wazee wa zamani waliliogopa hilo kuliko mahakama inavyoliogopa. Lakini naona pia ya kuwa kipimo kile, kikimwambia Chacha kwamba baba yake ni fulani wa kijiji cha pili, hakitakuwa kimemwambia baba yake ni nani. Kitakuwa kimemwongezea mtu mmoja katika habari. Fulani yule hakumlisha, hakumpa shamba, hakusimama naye siku ya jando. Waliofanya hayo ni mwanamke mzee aliyekuwa na ng'ombe na hofu ya nyumba kuzimika, na msichana aliyeletwa kwa ng'ombe wale.

Mwita alimwuliza bibi yake swali la mwisho: yule mwanamume ni nani? Bibi akamwambia. Jina lile halituhusu sisi. Kisha akamwuliza mjukuu wake, "Na wewe utaandika nini?"

Kijana akachukua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja akaacha safu kama ilivyokuwa: Mwita, Chacha, Marwa, Wambura, na vizazi vyao vikifuatana bila kuruka. Upande wa pili akaanza kuandika majina ya wanawake, akianza na bibi aliyeketi mbele yake, na jina la baba wa bibi, na kijiji chake, na idadi ya ng'ombe waliotolewa, na rangi zao, maana bibi alizikumbuka zote, hata yule mweusi mwenye pembe moja aliyekufa njiani na kulipwa mwingine. Juu yake akaandika jina la mama mkwe. Juu ya huyo aliandika, "Alikuja wakati wa njaa," akaacha nafasi ya mistari mitatu mitupu.